Pikapu Ngumu Si Pikapu Imara

Kuna sifa moja tunayoipa pikapu ambayo mimi nimekataa kuipigia makofi. Tunasema, "Hili gari gumu," na tukishasema hivyo tunadhani tumemaliza kila kitu. Muuzaji huitamka ili bei ipande, mnunuzi huirudia ili majirani wamwonee wivu, na fundi huiafiki huku akifuta mikono kwa tambara. Hakuna anayeuliza: gumu kwa nani? Kwa barabara, kwa mzigo, au kwa kiuno cha mama aliyeketi nyuma juu ya gunia la viazi, akitoka Kilolo kwenda Iringa mjini?

Nia yangu katika kurasa hizi ni kupinga mazoea yetu ya kuzifanya pikapu kuwa ngumu kuliko zilivyotoka kiwandani, na kulitetea neno ambalo wenye magari huona haya kulitamka mbele ya wenzao, yaani ulaini. Nasema kwamba ulaini wa pikapu si anasa ya watu wa mjini. Ni haki ya mgonjwa, ni faida ya mkulima, ni usalama wa dereva, na ni maisha marefu ya gari lenyewe. Nimeendesha pikapu kwa zaidi ya miaka 20, kwanza nikiwa bwana shamba na baadaye nikiwa na ya kwangu, katika barabara za vumbi za Mkoa wa Iringa. Siandiki mambo ya kusimuliwa.

Tuanze na chuma chenyewe. Pikapu nyingi hubebwa nyuma na springi za mabapa, yaani vipande vya chuma vilivyokunjwa kama upinde na kupangwa kimoja juu ya kingine. Si ubunifu wa jana. Kampuni ya Ford ilipoanza mwaka 1925 kuuza Model T yenye bodi ya mizigo iliyofungwa kiwandani, gari hilo lilikalia springi za mabapa. Toyota Hilux ilipotoka mwaka 1968 nayo ilikuwa nazo nyuma, na hata leo inazo. Mimi sina ugomvi na springi hizi. Ni rahisi kutengeneza, zinastahimili mateso, na fundi wa kijijini anaweza kuzifungua kwa jeki na spana zake chache. Ugomvi wangu ni na kile tunachozifanyia.

Mhandisi aliyeichora pikapu ya tani moja alikuwa na swali zito kichwani. Springi inayofaa kubeba kilo 1,000 ni ngumu mno kwa mtu mmoja na mkoba wake. Inayomfaa mtu mmoja na mkoba wake italala chini kabisa ikipewa kilo 1,000. Basi alitafuta suluhu ya kati. Aliweka mabapa membamba ya juu yafanye kazi wakati wote, na chini yake, katika magari mengi, akaweka bapa nene lililokaribia kunyooka, ambalo huanza kusaidia pale tu mzigo unapokuwa mkubwa. Suluhu hiyo imepimwa na kujaribiwa. Siyo kamilifu, maana pikapu tupu hurukaruka kidogo hata ikiwa mpya, lakini ni suluhu ya mtu aliyewafikiria wote wawili: mzigo na abiria.

Sasa njoo gereji zetu. Gari likifika tu kutoka bandarini, kabla hata halijapata vumbi, mwenyewe anaagiza, "Niongezee springi." Fundi haulizi litabeba nini wala mara ngapi. Anaongeza bapa moja, mara mawili, na mara nyingi bapa lenyewe limekatwa kutoka springi ya lori kuukuu. Hesabu yake si ya siri. Mabapa matano yakiongezwa mengine mawili ya unene na urefu uleule, ugumu unapanda kwa kiasi cha asilimia 40. Lakini unene ni jambo baya zaidi, kwa sababu bapa lenye unene mara mbili lina ugumu wa mabapa manane ya kawaida. Kwa hiyo bapa moja la lori, lililochomekwa katikati ya yale membamba, linatosha kuufuta mpango wote wa mhandisi kwa mchana mmoja.

Wenye magari hujitetea kwa kusema kwamba gari likiongezwa springi linabeba zaidi. Hapa ndipo pana uongo ambao umetugharimu sana. Springi haiongezi uwezo wa ekseli. Haiongezi nguvu ya beringi, wala ya breki, wala ya tairi, wala ya chesisi. Vyote hivyo vilibaki kama vilivyokuwa, vimepimwa kwa tani moja. Kilichobadilika ni kwamba gari sasa likipakiwa tani mbili haliinami nyuma. Zamani springi iliyolala ilikuwa shahidi, ilisema mbele ya watu wote kwamba mzigo umezidi. Sisi hatukupunguza mzigo, tulimziba shahidi mdomo. Halafu chesisi ikipasuka tunasema magari ya siku hizi ni mabovu.

Na barabara nayo inalipa. Huko Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960, wahandisi walifanya jaribio kubwa karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, wakipitisha malori mchana na usiku juu ya barabara za kujaribia ili waone zinavyochakaa. Kanuni iliyotokana na jaribio lile bado inatumika: mzigo wa ekseli ukiongezeka mara mbili, uharibifu wa barabara huongezeka kama mara 16. Malori ndiyo yenye dhambi kubwa hapa, nakubali. Lakini pikapu iliyozidishiwa mzigo isijidai kuwa haimo. Kisha sisi haohao tunaochimba mashimo kwa mzigo wa wizi ndio tunaolalamika kwamba barabara ni mbovu, na kwa sababu barabara ni mbovu tunataka springi nyingine.

Ajabu nyingine ni hii. Pikapu nyingi hupakiwa upande mmoja tu wa safari. Zinakwenda sokoni zimejaa na kurudi tupu, au zinakwenda tupu na kurudi na mbolea. Siku nyingine zote ni dereva, mkewe na ndoo mbili za maji. Kwa hiyo springi tuliyoifunga kwa ajili ya tani mbili hutumika sehemu kubwa ya maisha yake bila kitu juu yake. Mtu akishachoka kurushwa, anatafuta dawa, na dawa anayoijua ni kutupa viroba vinne vya mchanga nyuma. Gari linatulia kidogo, naye anafurahi. Ndugu msomaji, hebu tazama tulipofika: tunalipa fedha kuongeza chuma ili gari liwe gumu, kisha tunabeba mchanga ili liwe laini, na mafuta ya kuubeba mchanga huo tunanunua kila siku.

Wengine hudhani kwamba kurukaruka ni kero tu ya makalio. Siyo. Gurudumu lililo hewani halina breki, wala halina usukani wa kuliongoza. Pikapu tupu yenye springi ngumu ikikanyaga yale matuta madogomadogo ya barabara ya vumbi, yanayofanana na ubao wa kufulia, magurudumu ya nyuma hugusa juu ya tuta na kuruka bonde, na mkia wa gari huanza kutembea pembeni kama ng'ombe anayekataa kuingia zizini. Dereva asiye na uzoefu hukanyaga breki wakati huohuo. Wengi waliopinduka kwenye kona tuliwaita wazembe. Baadhi yao walikuwa wazembe kweli, lakini sijapata kumsikia mtu akienda kuhesabu mabapa ya springi za gari lililolala kwenye mtaro.

Nimetaja mkulima, sasa nimweleze. Ilula, kando ya barabara kuu iendayo Zambia, ni nchi ya nyanya. Nyanya hutoka mashambani kwa pikapu zikiwa ndani ya matenga, kwa njia ambazo mvua ikinyesha hugeuka makorongo. Tenga la juu hufika salama. La chini hufika likiwa linavuja maji mekundu. Mkulima hupewa bei ya tenga zima kwa moyo wa shukrani kama ana bahati, la sivyo mnunuzi hulichungulia, huguna, na kukata bei. Mwenye pikapu amelipwa nauli yake kamili. Hakuna anayemwambia kwamba sehemu ya hasara ile imetengenezwa na mabapa yake mawili ya ziada, maana nyanya hazijui kusema, na mkulima amezoea kudhani kwamba ni kudra.

Ufaransa walipata kulitazama jambo hili kwa upande mwingine. Kabla ya vita vya pili vya dunia, mkuu wa kampuni ya Citroën, Pierre-Jules Boulanger, aliwaagiza wahandisi wake wabuni gari la wakulima. Moja ya masharti ni kwamba gari hilo liweze kukatiza shamba lililolimwa likiwa na kapu la mayai, na mayai yasivunjike. Gari hilo, 2CV, lilionyeshwa kwa umma mjini Paris mwaka 1948, na lilikuwa dogo, jepesi, lenye injini ya kuchekesha na springi laini kuliko za magari ya matajiri. Sikusudii kusema tulinunue sisi. Nataka tulione swali. Boulanger alianza na yai. Aliuliza kilichomo ndani ya gari kinahitaji nini, kisha ndipo akaagiza chuma. Sisi tunaanza na chuma, na yai litajijua lenyewe.

Lakini nyanya na mayai hulipika kwa fedha. Lililonifanya niandike kwa hasira ni watu. Katika vijiji vyetu pikapu ndiyo gari la wagonjwa, ndiyo gari la maiti, ndiyo inayomkimbiza mama mwenye uchungu. Mwaka mmoja nilimsindikiza mzee jirani yangu aliyeanguka na kuvunjika paja. Gari lilikuwa la mtu mwingine, mtu mwema, ambaye hakudai hata senti ya mafuta. Alikuwa ameliongezea springi kwa ajili ya kubeba mbao. Mimi nilikaa nyuma, nimeushika mguu wa mzee kwa mikono miwili usicheze. Zilikuwa kilomita 40 na zaidi, nasi tulitumia saa mbili na nusu. Kila tulipopunguza mwendo mzee aliniuliza, "Bwana shamba, yamebaki mashimo mangapi?" Hakuuliza zimebaki kilomita ngapi. Nilimjibu, "Machache, mzee wangu," nikijua kwamba si kweli.

Yule mwenye gari alikaa mbele, kwenye kiti chenye sponji, kati ya ekseli mbili ambako mtikisiko ni mdogo. Hakusikia tuliyoyasikia nyuma. Tulipofika alinishika bega akasema, "Leo tumekuja vizuri." Wala hakusema kwa kebehi. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tatizo la pikapu zetu ni hilo: anayeamua ugumu wa springi hakai juu yake. Mwenye gari, fundi na dereva, wote watatu wako mbele. Aliye nyuma hajapata kuulizwa.

Na mwili wa mtu una mipaka yake, jambo ambalo limepimwa kwa muda mrefu. Shirika la kimataifa la viwango, ISO, lilitoa mwaka 1974 kiwango chake namba 2631 kuhusu mtikisiko unaoupata mwili mzima. Imejulikana kwamba mtu aliyeketi huumizwa zaidi na mtikisiko wa juu na chini unaorudiarudia mara 4 hadi 8 kwa sekunde, kwa sababu katika mwendo huo kiwiliwili chenyewe huanza kucheza pamoja nao. Gari laini huinuka na kushuka kama mara moja au moja na nusu kwa sekunde, mwendo usio mbali na hatua za mtu anayetembea taratibu. Kadiri springi inavyokuwa ngumu na mzigo unavyokuwa mdogo, ndivyo mwendo huo unavyopanda kulielekea eneo baya. Mzigo ulio juu ya springi ukipungua ukawa robo, gari hurukaruka kwa kasi mara mbili. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikubaliana mwaka 2002 juu ya agizo la kuwalinda wafanyakazi na mtikisiko wa mashine na magari, likiwa na kipimo ambacho mwajiri haruhusiwi kukivuka. Huko anayelindwa ni dereva mzima wa trekta, mwenye kiti. Kwetu anayetikiswa ni mtu mwenye paja lililovunjika, asiye na kiti.

Najua nitajibiwa kwamba dawa ni serikali kutengeneza barabara. Nami nataka barabara, tena nimechoka kuzisubiri. Lakini barabara ya kijiji itachukua miaka, na springi inachukua mchana mmoja. Mtu ambaye paa lake linavuja hawezi kukataa kuhamisha kitanda kwa sababu anasubiri mabati. Tena hata hiyo barabara ikiletwa lami, kuna matuta ya kupunguzia mwendo karibu na kila shule na kila soko, na pikapu ngumu huyapanda kama mbuzi.

Nitajibiwa pia kwamba ulaini ni ghali. Huyu ndiye ninayetaka kukaa naye, kwa sababu hajafanya hesabu. Hebu tupange mambo kuanzia lile lisilogharimu kitu.

La kwanza ni upepo wa tairi. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva, au ndani ya kitabu cha gari, kuna maandishi yanayosema tairi zijazwe paundi ngapi, na mara nyingi yanataja namba moja ya gari tupu na nyingine ya gari lenye mzigo. Ni wangapi tumeyasoma? Sisi hujaza kwa kiwango cha mzigo mkubwa mwaka mzima, kisha tunapima kwa teke. Tairi ndiyo springi ya kwanza ya gari. Ikijazwa ikawa kama jiwe, hizo nyingine zote zinaanza kazi zikiwa zimeshachelewa. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, jaza unapopakia, punguza unaporudi tupu, na usishuke chini ya namba iliyoandikwa.

La pili ni usafi. Mabapa ya springi yanatakiwa yateleze kidogo moja juu ya jingine. Yakijaa udongo na kutu hushikana yakawa kama gogo moja, na shimo dogo halizikunji tena, hupita moja kwa moja hadi kwenye bodi. Vile vishikizo vinavyobembea mwishoni mwa springi navyo vikikosa grisi huganda. Mipira yake ikiisha, chuma hugonga chuma, na kelele ile tunaizoea hadi tunadhani ni sauti ya gari. Kuosha, kupaka grisi mahali palipowekwa kwa ajili ya grisi na kubadilisha mipira si kazi ya kumfilisi mtu.

La tatu ni shokapu, zile bomba zenye mafuta ndani. Watu wengi hudhani shokapu hubeba mzigo. Haibebi. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kucheza baada ya shimo kupita. Likandamize gari kwa nguvu kwenye kona yake moja, kisha liachie. Linapaswa kuinuka na kutulia. Likiendelea kupiga magoti kama mtu anayecheza ngoma, shokapu zimekufa. Ukiona mafuta yamechuruzika juu ya bomba lake, pia zimekufa. Nimeona gari lenye mabapa mawili ya ziada na shokapu nne mfu: mwenyewe alikuwa amelipia ugumu asiouhitaji na kukataa kulipia utulivu aliouhitaji.

La nne ni kuyatoa yale mabapa ya ziada. Pikapu yangu niliinunua kwa mtu ikiwa tayari imeongezwa mawili kila upande. Nilipompelekea fundi ayatoe, alinitazama kama mtu aliyepotewa na akili. "Bwana shamba," akasema, "nikiyatoa haya gari litalala." Nikamwambia, "Likilala, fundi, nitajua limechoka, nami nitalipunguzia." Tuliyahesabu mabapa ya kiwandani, tukayarudisha yote, hatukupunguza hata moja, maana kupunguza chini ya idadi ya kiwanda ni hatari nyingine. Jioni ile tulipita tuta la shule, fundi akiwa amekaa nyuma kwa ombi langu. Aliposhuka alisema, "Kumbe hili gari lina springi." Tangu siku hiyo nimebeba mbolea, mahindi, mabati na watu, sikuzidisha tani moja, na sijabadilisha ekseli.

Kwa yule ambaye kweli hubeba mzigo mzito mara kwa mara, iko njia isiyowatesa wengine. Kuna springi za kusaidia ambazo hazigusi kitu mpaka gari liiname, na kuna mifuko ya mpira inayojazwa upepo siku ya mzigo na kupunguzwa siku ya kurudi. Na kama mzigo wake ni tani mbili kila siku, basi anunue gari la tani mbili. Pikapu si punda wa kusukumiziwa kila kitu kwa kuwa hasemi.

La tano ni mahali pa kuweka mzigo na mtu. Mzigo mzito usogezwe mbele karibu na kebini, usirundikwe kwenye mlango wa nyuma. Mgonjwa naye alazwe mbele kadiri inavyowezekana, mbali na ekseli ya nyuma, juu ya godoro nene lililofungwa lisiteleze, na dereva aendeshe kwa kumsikiliza yeye, asiisikilize saa yake. Haya hayahitaji hata spana.

Sasa niseme neno kwa wenye mamlaka, maana lawama zote siwezi kumtwika mtu mwenye gari moja. Land Cruiser za kazi nzito za mfululizo wa 70, zilizoanza kutoka mwaka 1984, tunaziona sehemu nyingi zikiwa gari za wagonjwa. Ni gari za sifa, na mahali pengi hakuna nyingine inayofika. Mwaka 1999 zililainishwa mbele kwa kuwekewa springi za koili, lakini nyuma zilibaki na mabapa, kwa kuwa nyuma palikusudiwa mzigo. Tazama basi nani analala nyuma. Dereva amepata koili, mgonjwa amebaki na bapa. Gari lililopimwa kubeba mamia ya kilo linabeba mama mmoja, muuguzi mmoja na chupa ya dripu. Nawauliza wanaoandika zabuni na wafadhili wanaotoa magari haya kwa hotuba na picha: mnapotaja injini, magurudumu manne ya kuvuta na rangi ya maandishi, je, mnataja jinsi kitanda cha nyuma kitakavyotikisika gari likiwa na mgonjwa mmoja? Springi za nyuma zinazolingana na mzigo huo zinaweza kuagizwa. Kiti cha dereva kikiwa kibovu atalalamika kesho yake. Mgonjwa akiumizwa njiani, akifika tutasema hali yake ilikuwa mbaya tangu nyumbani.

Na wakaguzi wa magari nawaomba jambo moja. Mnapiga taa, mnapiga honi, mnatazama kizima moto. Inameni mtazame na chini. Hesabuni mabapa. Shikeni shokapu kama zina mafuta. Pikapu ya tani moja yenye springi ya lori isihesabiwe kuwa imeimarishwa. Ihesabiwe kuwa imeharibiwa.

Imara na ngumu si neno moja. Mwanzi ni imara, nao hupinda, na upepo ukipita husimama tena. Mti mkavu ni mgumu, na tunaujua mwisho wake ni jikoni. Gari imara ni lile linalopokea shimo, likalimeza, likamfikisha mtu na mzigo wake vile walivyopandia. Gari linalolirudisha shimo lote kwa abiria halijabeba kitu, limehamisha tu.

Wewe mwenye pikapu, sikuombi uniamini. Chagua siku moja ambayo gari lako ni tupu. Mpe kijana wako usukani, wewe panda nyuma, keti sakafuni juu ya ekseli bila godoro, na mwambie aende kwa mwendo wako wa kila siku hadi hospitali ya wilaya. Usimgongee bati la kebini kumwambia apunguze mwendo, maana mgonjwa hana nguvu za kugonga. Ukifika, kama bado unaona kwamba ugumu ni sifa, ongeza bapa lingine.